Paka kupanda mti anaweza, kwa nini kushuka kunamshinda?

Mwanapongwe

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu kidogo, mnivumilie, kwa sababu jambo lenyewe limenikaa moyoni wiki nzima.

Nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Tanga, tuna paka jike wa miezi minane hivi, tunamwita Zabibu. Alhamisi iliyopita, saa kumi na mbili jioni, mbwa wawili wa kupita walimkurupusha jikoni akiwa anasubiri vichwa vya samaki. Badala ya kukimbilia ndani alivuka ua, akauparamia mnazi ulio nyuma ya banda la kuni, na kabla sijaokota fimbo alikuwa keshafika kwenye makuti. Mnazi ule ni wa zamani, nakadiria mita 12 kutoka chini hadi kileleni, na hakutua popote njiani.

Mbwa wakaenda zao. Nikasema sasa atashuka. Saa mbili usiku analia. Saa sita analia. Alfajiri nikatoka na tochi, nikaona macho mawili yanang'aa pale kilifu kinapoanzia. Kulipopambazuka nikasimama kumtazama vizuri. Anageuka, anatanguliza kichwa, miguu ya mbele inashuka hatua moja kwenye shina, kucha zinateleza, unga wa gome unadondoka, anajivuta haraka kurudi juu. Anatulia, analia, anajaribu tena vilevile. Nilimhesabia mara saba.

Mchana wa Ijumaa kunguru wakamgundua. Wale kunguru wa India, walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe taka, hawana huruma na paka aliye juu ya mti. Walikuwa wanamrukia kwa zamu mgongoni. Watoto wa jirani wakaja na manati wakitaka "kumshusha", nikawazuia. Watu wazima nao wakaniambia niache kujisumbua, aliye juu mngoje chini. Methali naiheshimu, ila anayengojwa chini sharti awe na njia ya kushukia.

Usiku wa pili mvua ikanyesha. Jumamosi asubuhi nikamfuata mzee mmoja mkwezi. Alipanda kwa vidato, kiroba cha unga kitupu kikiwa kimefungwa kiunoni, akamshika Zabibu ngozi ya nyuma ya shingo, akamtia kirobani na kumteremsha kwa kamba. Hazikupita dakika kumi.

Nilipomlipa nikamuuliza: mzee wangu, inakuwaje mnyama mwenye kucha ashindwe na mti ambao wewe unaupanda kila wiki? Akanijibu, "Paka wako anataka kushuka kama maji. Mnazi unashukwa umeukumbatia, uso kwenye shina, mguu ndio unaotafuta njia."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nikae nimchunguze paka. Ukiminya taratibu kidole chake kwa juu na chini, ukucha unachomoza. Utazame kwa karibu: ni ndoana. Umepinda, na ncha yake inaelekea chini na nyuma. Paka ana kucha 18, tano kila mguu wa mbele na nne kila mguu wa nyuma, na zile za mbele ndizo zilizopinda na kuchongoka zaidi. Sasa ndoana hushika ukiivuta upande mmoja tu. Paka akipanda, uzito wake unavuta kuelekea chini, ndoana zinazama kwenye gome, na misuli mikubwa ya miguu ya nyuma inamsukuma juu. Kila kitu kinamsaidia. Akigeuza kichwa chini, ndoana zilezile zinatazama upande usiofaa. Uzito unazichomoa badala ya kuzizamisha. Zabibu alishuka na kucha mbili za mbele zimechanika ncha, damu imegandia kwenye shina la ukucha mmoja.

Kwa hiyo paka anayelia juu ya mti si mjinga, wala hadeki. Anafanya anachokijua, yaani kutanguliza kichwa kule anakotaka kwenda, na mwili wake kwa njia hiyo hauna breki. Njia ipo, ila ni ya kinyumenyume, na lazima aijue au aonyeshwe.

Naomba wenye uzoefu wachangie. Nani amewahi kumshusha, na kwa namna gani?

Mti Mkavu

Mkuu, pole kwa usumbufu, lakini mimi nimefuga paka tangu utotoni na sijawahi kumwitia mtu mkwezi. Wote walishuka wenyewe njaa ilipowabana. Mkimzoesha kubebwa kila mara hatajifunza.

Mwanapongwe

Nakuelewa mkuu, na wengi wao kweli hushuka. Naomba nikuulize: hao wa kwenu walikuwa wanapanda mti gani?

Mti Mkavu

Miembe zaidi. Na mpera mmoja uani.

Mwanapongwe

Hapo ndipo ilipo tofauti. Mwembe una gome lenye mipasuko na matawi kila baada ya mita moja au mbili. Paka anaruka kutoka tawi hili hadi lile, anapumzika, anajipanga upya. Mpera ni mfupi. Mnazi ni nguzo. Toka makuti hadi chini hakuna pa kuweka hata mguu mmoja, na ukizeeka shina linakuwa gumu. Akianza kushuka ni sharti amalize safari yote kwa kucha tu. Mbuyu nao ni hivyo hivyo, gome laini, shina pana asiloweza kulikumbatia.

Mtu wa Mkomani

Assalam aleikum. Nipo Lamu, na kwetu paka ni sehemu ya mji kama punda walivyo. Wale wembamba, masikio makubwa, shingo ndefu. Asubuhi wavuvi wakifika utawakuta wamejipanga gatini.

Nataka kuunga mkono hilo la mwembe na mnazi. Paka wetu hupanda kuta za mawe ya matumbawe hadi juu ya mapaa, orofa mbili, tatu. Sijaona hata mmoja akikwama huko, na nimekuwa nikijiuliza sababu. Tangu jana niliposoma uzi huu nimemtazama mmoja akishuka: paa la makuti, kisha ukingo wa ukuta, kisha dirisha, kisha baraza, kisha njiani. Kila hatua aliruka umbali anaouweza. Hakuna mahali alipohitaji kuning'inia kwa kucha. Mji wenyewe umemjengea ngazi.

Lakini kuna mnazi nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, na huo ulimkamata paka mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Paka yuleyule wa mapaa.

Daktari wa Mifugo Mkoani

Nimeona nichangie kwa upande wa afya, maana kuna mambo mawili watu hukosea.

La kwanza ni hili la kusubiri njaa. Paka mzima na mwenye afya anaweza kuvumilia siku moja bila chakula. Ila paka, hasa mnene, akikaa siku kadhaa bila kula kabisa, mafuta ya mwilini humiminika kwenye ini kuliko ini linavyoweza kuyamudu, na ugonjwa huo unaua hata baada ya paka kushuka salama. Maji ni tatizo la haraka zaidi, hasa kwenye jua la pwani. Mimi ushauri wangu: akilala juu usiku mmoja na asubuhi hajashuka, anza kupanga msaada. Kitoto cha paka, paka mwenye mimba au mgonjwa, usingoje hata usiku huo mmoja.

La pili ni imani kwamba paka akianguka haumii. Ni kweli ana kipawa cha kujigeuza hewani na kutua kwa miguu. Mfaransa Étienne-Jules Marey alipiga picha za mfululizo mwaka 1894 zikaonyesha namna paka anavyojikunja katikati, nusu ya mbele inageuka kwanza, ya nyuma inafuata. Kitoto huanza kujifunza akiwa na wiki 3 au 4, na akifika wiki ya 6 au 7 anakuwa ameshaimudu. Lakini kutua kwa miguu si kutua bila madhara. Mwaka 1987 madaktari wa mifugo mjini New York walichapisha taarifa ya paka 132 walioanguka kutoka maghorofani wakafikishwa hospitalini kwao. Asilimia 90 ya waliotibiwa walipona, na watu huishika namba hiyo wakasahau kwamba waliofia barabarani hawakupelekwa hospitali. Wengi wa hao waliopona walifika na vifua vilivyoumia, taya zilizovunjika, miguu iliyovunjika.

Kwa hiyo msitikise mti. Msirushe mawe. Msimwagie maji ya mpira. Akianguka kutoka juu mkaona anatembea, bado mpelekeni akaangaliwe, kwa sababu pafu linaweza kuwa limeumia na usione kitu kwa nje.

Mwanapongwe

Asante sana daktari. Hilo la ini sikulijua, na nikikumbuka kwamba Ijumaa nzima nilikuwa nasubiri, moyo unaniuma.

Mpagazi wa Mto wa Mbu

Mimi kazi yangu ni kutembeza wageni Manyara, na nimeusoma uzi huu kwa hamu kwa sababu jamaa wa paka tunawaona mitini kila siku.

Simba wa Manyara wanajulikana kwa kupanda miti, kama wale wa Ishasha kule Uganda. Wengine husema wanakimbia mbung'o, wengine upepo, wengine wanataka kuona mbali. Mimi nisemacho ni nilichokiona: kupanda wanapanda kwa heshima, kushuka ni aibu. Simba jike anasimama kwenye tawi, anageuka huku, anageuka kule, anajaribu kutanguliza mikono, anarudi. Mwishoni anajiburuza shina lote, kucha zinaacha michirizi mirefu kwenye gome, anaangukia kifua. Ndiyo maana wanachagua miti yenye shina lililoinama na matawi ya chini.

Chui ni habari nyingine. Chui anashuka kichwa mbele, na wakati mwingine ana nyama mdomoni. Lakini tazama mabega yake. Mnyama anayeweza kuburuta juu ya mti windo zito kuliko yeye mwenyewe ana nguvu ya kuuzuia mwili wake usiporomoke, na umbali wa mwisho anaruka. Paka wa nyumbani hana mabega hayo.

Halafu kuna kindi. Huyu anateremka kichwa chini kama anatembea sebuleni. Siri yake ipo kwenye kifundo cha mguu wa nyuma: anaweza kukigeuza, nyayo zikatazama nyuma, kucha za nyuma zikaning'inia kwenye gome wakati kichwa kipo chini. Huko Amerika ya Kati na Kusini kuna paka mwitu anayeitwa margay ambaye vifundo vyake vinageuka namna hiyohiyo, naye anashuka kama kindi. Kwa hiyo si kwamba ukoo wa paka umenyimwa kabisa. Ni huyu wetu tu hakupewa.

Na sababu yake naiona hivi. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, yule yule mwenye miguu mirefu na mkia wa pete tunayemwona porini usiku. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2007 ulilithibitisha hilo, na kule Cyprus lilifukuliwa kaburi la miaka kama 9,500 ambamo mtu alizikwa na paka pembeni yake. Paka mwitu huyo chakula chake ni panya, na panya yupo ardhini. Mti kwake ni mahali pa kukimbilia fisi na mbwa. Anayekimbizwa anahitaji kupanda haraka kuliko kitu kingine chochote. Kushuka hakuna anayemfukuza, atatumia muda.

Mwanapongwe

Mkuu, hili limenifungua macho. Zabibu alipanda sekunde chache kwa sababu mbwa walikuwa mkiani mwake. Hofu ilimpandisha, ikaisha, ikamwacha kule juu.

Binti wa Kilifi

Jamani, mmeongea mengi na hakuna aliyemtaja kadzonzo?

Kwetu Wagiriama, paka wa msitu wa Arabuko-Sokoke tunamwita kadzonzo. Manyoya yake ya kahawia yana mabaka na madoadoa kama gome la mti, na wazee husema ndiko jina lilikotoka. Akijilaza kwenye tawi unaweza kupita chini yake usimwone. Ana miguu mirefu, na ya nyuma imezidi ya mbele, kwa hiyo akitembea ni kama yuko ncha za vidole. Mwaka 1978 mama mmoja mwenye shamba karibu na Watamu, Jeni Slater, alivikuta vitoto vyao akavilea, na miaka ya 1980 baadhi wakapelekwa Denmark. Leo wazungu wanawafuga kwa jina la Sokoke.

Bibi yangu alikuwa naye mmoja, na nilimwona akishuka mkorosho mara nyingi nikiwa mdogo. Alikuwa anashuka kwa matako! Anaukumbatia mti, mkia umelala juu ya gome, mguu wa nyuma unapapasa, unashika, mwingine unafuata. Unasikia kwaru, kwaru, kwaru. Akibakiza urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, anajipinda, anasukuma shina kwa miguu, anaruka mbele. Nadhani alifunzwa na msitu. Nimesoma maneno ya yule mzee mkwezi hapo juu, nikamwona kadzonzo wa bibi.

Mwanapongwe

Dada, umeniandikia hasa nilichokuwa nakitafuta. Na nimeelewa pia kwa nini wengi hawaithubutu njia hiyo: akirudi kinyumenyume haoni anakokwenda. Paka kitu kilicho karibu sana na pua, chini ya sentimita 25 hivi, hakioni vizuri, hutumia masharubu. Nyuma hana masharubu. Anatakiwa auamini mguu.

Mama Aisha 2

Samahanini kuingilia, naomba msaada SASA HIVI. Nipo Mbagala. Paka wetu yuko juu ya mfenesi tangu jana saa nane mchana, mita sita au saba hivi. Ana vitoto vitatu ndani, vya wiki mbili, vinalia. Mume wangu yuko safarini. Nifanyeje?

Mwanapongwe

Dada pole sana. Tulia, tutakwenda nawe pamoja.

Kabla ya yote, tazama kama kuna waya wa umeme unaogusa mti au kupita kwenye matawi. Kama upo, asipande mtu yeyote, na usisimamishe kitu chochote hapo.

Kama haupo, ondoa watu. Mbwa wafungwe, watoto waingie ndani, simu zisiwe zinammulika. Paka akitazamwa na umati hashuki.

Una ubao mrefu, mti wa kujengea, au ngazi?

Mama Aisha 2

Kuna mirunda miwili ya fundi, mirefu. Ngazi ya jirani haifiki alipo, inafika kwenye tawi la kwanza.

Mwanapongwe

Mirunda inafaa sana. Chukua gunia la katani, au khanga kuukuu, mazulia, chochote kisichoteleza, uuzungushie mrunda mmoja na uufunge kwa kamba kila baada ya hatua. Kucha zinataka kitu cha kuzama. Kisha uegemeze kwenye tawi la karibu naye, kwa mshazari, usiwe wima. Ukiwa umelala kidogo anaweza kutembea juu yake hata kichwa mbele, kwa sababu uzito wake utakuwa juu ya mrunda, hautaning'inia kwenye kucha. Ufunge chini usiyumbe. Akiuhisi unacheza hatauamini tena.

Daktari wa Mifugo Mkoani

Naongezea. Dada, huyo ni mama anayenyonyesha, maziwa yamejaa, anataka kushuka kuliko wewe unavyotaka. Leta vitoto kwenye boksi chini ya mti, wamefunikwa wasipigwe baridi, awasikie. Weka na dagaa waliochemshwa, wakiwa bado na mvuke. Kisha wewe ujitenge. Jioni kukiwa kimya ndiyo saa yake.

Hadi saa tatu usiku kama hajashuka, tafuta mtu anayejua kupanda, au piga 114 uwaulize zimamoto wa karibu kama wanaweza kusaidia. Atakayemshika avae mikono mirefu na amfunge kwenye khanga nzito. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo aeleze, kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Paka naye huupata na kuuambukiza.

Mti Mkavu

Dada, mfenesi una uzuri mmoja, matawi yake ya chini ni manene. Egemeza mrunda wa kwanza kutoka alipo mpaka tawi la kwanza, na wa pili kutoka tawi hilo mpaka chini. Mwanapongwe, nimekuelewa ulichokuwa unasema juu ya mwembe.

Mama Aisha 2

Nimefunga. Nimetumia gunia la mkaa na khanga mbili. Kijana wa jirani amenisaidia kuegemeza. Vitoto viko kwenye boksi la viatu. Nimezima taa ya nje. Nimekaa dirishani.

Binti wa Kilifi

Tupo nawe mama.

Mtu wa Mkomani

Inshallah kheri. Tunasubiri mrejesho.

Mama Aisha 2

Mrejesho. Saa nne kasorobo.

Alianza kwa kuunusa mrunda muda mrefu sana. Akaweka mguu mmoja, akautoa. Vitoto vikalia, akaweka miwili. Mpaka tawi la kwanza alitembea kichwa mbele, taratibu, tumbo limegusa gunia. Pale akasimama, nikadhani ndiyo basi. Halafu akageuka mwenyewe, akanipa mgongo, akaushika ule wa pili kwa mikono yote miwili, mguu wa nyuma ukawa unapapasa kama alivyosimulia dada wa Kilifi. Nilisikia kucha kwenye gunia. Mita ya mwisho akaruka.

Hata dagaa hajawagusa. Ameingia kwenye boksi la viatu, amelala ubavu, wote watatu wananyonya.